Aliye Nje Si Mimi

Mimi niliwalaza watoto wangu kwa hofu. Wengine huwalaza kwa nyimbo, na nyimbo pia nilikuwa nazo, lakini hofu ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa zaidi.

Tulikaa Dunga, nyumba ya mwisho kabla ya mafunjo ya ziwa. Ilikuwa ya vyumba viwili vya udongo, na mwenye nyumba alikuwa ameipiga simenti upande wa mbele tu, ili ipendeze machoni pa anayepita. Mume wangu alikuwa mpishi kwenye meli ya ziwani. Akiondoka anakaa juma zima, pengine mawili, na akirudi analala mchana kutwa na watoto wanatembea kwa ncha za vidole. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Mdogo wake, mvulana, alikuwa hajafika mitatu, na alikuwa mtoto wa homa. Homa zilimjua kama nzi wanavyojua samaki.

Ilikuwa ile miaka ya tisini gugu la maji lilipoingia. Lilikuja na maua ya zambarau, tukalisifu, wanawake wengine wakayachuma wakaweka mezani. Halafu likaifunga ghuba yote. Mitumbwi ikakwama, mbu wakazidi, nyoka wakaanza kuingia hadi jikoni, na viboko waliokuwa wakila mbali wakahamia nyasi zetu. Kiboko mchana, akiwa majini, unaweza kumcheka kwa yale mashavu yake. Akishapanda nchi kavu jioni, kicheko kinakuishia. Mwanamume mmoja wa ufuoni kwetu alikutana naye njiani akitoka kuangalia nyavu, na sitasema alivyookotwa.

Kwa hiyo giza likikaribia mimi nilifunga. Kazi yangu ilikuwa kukaanga mgongo wazi kando ya barabara, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuondoa minofu, na kila anayeifanya kazi hiyo anajua kwamba mteja wa kweli huja jioni. Lakini jua likigusa maji nilizima moto, nikabeba karai langu nikaenda. Wenzangu walisema nafunga kama benki. Niliwajibu kwamba benki haina watoto wadogo.

Ndani, kila jioni, mambo yalikwenda kwa mpango uleule. Tulikula mapema. Kisha maji ya uvuguvugu kwenye beseni, na miguu. Kila kidole cha mguu kilikuwa samaki. Kidole gumba ni mbuta, anayefuata ni kamongo, halafu ngege, halafu fulu, na kile kidogo cha mwisho ni omena. Mvulana alikuwa akisubiri omena kwa mwili mzima, na nikikifikia anacheka mpaka anamwaga maji. Baada ya miguu, chandarua. Niliingia ndani yake na tochi nikawatafuta mbu, nikiwapiga kwa viganja, na watoto wananionyesha, yule pale, mama, yule pale. Nikishachomeka pindo zote chini ya godoro, nawawekea shavu langu kwenye paji la uso, mmoja baada ya mwingine. Walidhani ni kubusu. Kumbe nilikuwa napima homa. Mkono wa mkaanga samaki umeungua mara nyingi mno, hausikii joto la mtoto. Shavu husikia.

Mwisho kabisa, binti yangu alipanda juu ya debe akasukuma komeo la mlango. Hiyo ilikuwa kazi yake na hakumwachia mtu.

Maneno ya komeo yaliongezwa baadaye. Likizo ya Agosti niliwapeleka watoto kwa nyanya yao, mama wa mume wangu, huko Seme, ukipita Kombewa unaingia ndani. Walimwita Dani, kama watoto wote wa Kijaluo wanavyomwita nyanya. Walilala nyumbani kwake, wakala viazi vyake, wakasikiliza hadithi zake, na waliporudi walikuwa wamefundishwa kujilinda usiku. Ukiitwa kutoka nje gizani, usiitike. Hata akikutaja jina. Huyo ni jajuok, mtu anayekimbia usiku uchi wa mnyama, anayerusha changarawe juu ya mabati na kusugua mlango wako kwa makalio. Jajuok haiti kwa kelele, Dani alisema. Anaita polepole, kwa upole, kama anayekupenda.

Hayo mimi nilikuwa nayajua tangu utotoni, nani kwetu asiyeyajua. Lakini Dani alikuwa ameyafanya maswali na majibu, na nilipowasikia watoto wakijibizana niliona nimepata kufuli ya bure. Mwanamke wa peke yake, nyumba ya mwisho, mafunjo mlangoni. Nikayachukua maneno yale nikayafanya yangu, na kwa vile mdomo wangu haujui kutosheka, nikayaongezea.

Komeo likishaingia, nilikuwa nauliza, nani anaita nje? Wao wanajibu, hatumjui. Akijua jina lako? Hatumjui. Akisema amebeba mandazi? Hapo mvulana alisita kidogo, maana mandazi aliyapenda, lakini dada yake alimpiga kiwiko akajibu. Jioni moja binti yangu akauliza la kwake. Na akiwa na sauti yako, mama?

Nilimwambia, "Mimi niko hapa ndani na nyinyi. Aliye nje si mimi."

Alikuwa mtoto wa kushika neno. Mara moja tu alikosea, jioni ambayo mama wa dukani alipita kutuletea sukari, akabisha, naye akaruka juu ya debe akamfungulia kwa furaha. Mgeni alipoondoka nilimtia kofi. Nilimwambia siku nyingine akifungua atanitambua. Kisha nikampa sukari kidogo kiganjani, mambo yakaisha. Kwangu yaliisha.

Siku ninayoisimulia, mvulana alilala mchana bila kuambiwa, na hilo pekee lilinitia wasiwasi. Jioni alikataa ugali. Nilipoosha miguu yake nikafika kwenye omena, hakucheka, alinitazama tu. Shavu langu kwenye paji lake lilisikia moto. Kwenye kopo la dawa nilikuta nusu kidonge, nikamsagia kwenye kijiko, akakitapika chote kifuani mwangu. Nilimpangusa kwa kitambaa cha maji. Tulimaliza maswali yetu, binti akajibu peke yake kwa wote wawili, komeo likaingia, na baada ya muda mfupi naye akalala.

Joto la mvulana likazidi kupanda. Nilimgeuza, nikamfunua, nikampepea kwa mfuniko wa sufuria. Redio ya jirani ilikuwa inaanza taarifa ya habari ya saa mbili, kwa hiyo duka lilikuwa bado wazi, na duka halikuwa mbali, ungeweza kumwita mtu akaitika. Nikasema moyoni, naenda narudi kabla habari hazijaisha. Sikumwamsha binti. Nilimhurumia usingizi wake. Nikavuta komeo taratibu, nikarudisha mlango, nikatoka na tochi ambayo betri zake zilikuwa zinakata roho.

Mama wa dukani alikuwa anapanga kufunga. Alitaka kujua baba yao anarudi lini na kama ni kweli meli imekwama kwenye gugu. Mtu akiwa na mtoto mgonjwa nyumbani, maneno ya wengine humwasha kama upupu. Nadhani nilimnyang'anya vile vidonge mkononi.

Nilipokuwa narudi nikasikia nyasi zinakatwa. Kiboko hali kama ng'ombe. Anang'oa kwa midomo, kwa hasira, kisha anapumua kwa nguvu, kisha anang'oa tena. Nilielekeza tochi, na ule mwanga wa njano ukaangukia mgongo uliolowa, mpana kama mtumbwi uliopinduliwa, katikati kabisa ya mimi na nyumba yangu.

Nilisimama kwenye ukuta wa choo. Sikuweza kwenda mbele, sikuthubutu kurudi nyuma. Nilivifumba vidonge kiganjani visigongane ndani ya karatasi. Niliogopa kufa, nasema wazi, lakini zaidi niliogopa kufa pale, hatua chache kutoka kwa mtoto anayeungua, na dada yake akiamka akute kitanda changu kitupu. Habari ziliisha, nikasikia muziki. Mnyama akasogea polepole kuelekea nyuma ya jiko letu, akinipa mkia. Nikavua ndara, nikapita kwa ncha za vidole hadi mlangoni, nikasukuma.

Mlango haukufunguka.

Nilisukuma tena nikidhani umekwama. Hapo nikaelewa. Binti yangu alikuwa ameamka, hakuniona, akasikia kitu kinapumua nje, akafanya alichofundishwa. Komeo lilikuwa ndani.

Kupiga kelele sikuweza, kiboko alikuwa ubavuni mwa nyumba, na kiboko akishtuka hukimbilia majini moja kwa moja, na maji yalikuwa mgongoni mwangu. Kwa hiyo niliweka mdomo kwenye ufa wa mlango nikamwita kwa jina, polepole, kwa upole.

 Koroboi ilikuwa inawaka ndani, na kwenye uwazi wa chini ya mlango nikaona vivuli viwili vya nyayo. Alikuwa amesimama palepale. Tulikuwa tumetenganishwa na ubao tu.

"Fungua, ni mama," nikanong'ona.

Sauti yake ilitoka ndogo, imenyooka, sauti ya mtoto anayesoma mbele ya darasa. "Hatukujui."

 Nilijaribu yote. Nilimwambia nilikwenda dukani. Nilimtajia alichokula jioni, nikamtajia kovu lake la goti na jinsi alivyolipata. Hatukujui. Nililala kifudifudi nikapenyeza vidole chini ya mlango, nikamwambia anuse, harufu ya mafuta na samaki, nani mwingine ananuka hivi? Nikasikia anainama. Nikasikia anavuta pumzi. Kisha vile vivuli vikarudi nyuma vikaondoka. Kando yangu kulikuwa na kiboko na mbele yangu kulikuwa na mtoto wangu, na sikujua ni yupi aliyeniogopesha zaidi.

Kisha nikasikia kitanda. Kilikuwa cha vyuma vya springi, na tulikinunua kikiwa kizee. Kilianza kulia kwa haraka haraka, kwa mdundo mmoja usiobadilika, na hakuna mtoto anayejigeuza usingizini namna hiyo. Degedege. Niliwahi kuiona ikimchukua mtoto wa jirani, na yule hakurudi.

Hapo nilisahau kiboko. Nilipiga yowe ambalo nasikia lilifika hadi mahali mitumbwi inapolala. Nilipiga mlango kwa ngumi, kwa kichwa, kwa goti. Nikasikia ardhi inatetemeka, yule mnyama akapita kando yangu kwa kishindo, karibu kiasi kwamba tope lake lilinirukia, akaingia kwenye mafunjo akiyavunja. Hakunigusa. Sijui kwa nini, na nilishaacha kuuliza.

Jirani yangu, mvuvi wa omena, alitoka mbio na karabai mkono mmoja na sufuria mkono wa pili akiipiga kwa mwiko. Aliniambia, "Mama, toka hapo kwa mlango," akaupiga teke, akaupiga tena, komeo likang'oka na kipande cha ukuta.

Kwa mwanga wa karabai niliwaona. Chandarua kilikuwa kimeraruka. Binti yangu alikuwa amelala juu ya mdogo wake, amemfunika mwili wote kama kuku anavyofunika vifaranga, na mdogo wake anarukaruka chini yake, macho meupe, povu mdomoni. Nilimshika mkono kumtoa. Akanigeukia akaniuma hapa, chini ya kidole gumba, na hakuniachia hadi yule mvuvi alipombeba kiunoni. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama usoni, kwenye mwanga mweupe, na hayakunipokea.

Mvulana tulimpeleka hospitali ya mjini kwa baiskeli ya yule mvuvi, mimi nimepanda nyuma na mtoto kifuani, binti nimemwacha kwa mke wake. Njia nzima nilikuwa namtaja samaki kwa samaki kwenye vidole vyake, mbuta, kamongo, ngege, na mguu ulikuwa laini mkononi mwangu kama kitambaa. Walimtundikia dripu ya kwinini. Muuguzi alisema tungechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine. Akasema pia niketi, kwa maana nilikuwa nimesimama na sijui ni tangu saa ngapi. Mtoto alifungua macho asubuhi akaomba mandazi, nikalia hadi akina mama wa vitanda vingine wakadhani amekufa.

Dani alikuja kutuona, akashuka kwenye gari kutoka Kombewa na kuku kwapani. Nilitaka kumlaumu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu hospitalini, makali lakini yenye adabu, kama mke anavyopaswa kumwambia mama mkwe. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamtazama binti yangu, aliyekuwa anachambua mchele uani, akaniambia, "Nyar Gem, ulitaka amfungulie mtu anayenong'ona?" Aliniita hivyo siku zote, binti wa Gem, kwa kwetu nilikozaliwa. Akasema mtoto huyu ana kichwa, akamchinjia kuku na kumpa firigisi, heshima ambayo kwetu mtoto wa kike hapewi. Binti aliila bila kutabasamu.

Tangu nirudi alikuwa ananizunguka mbali. Alinisalimu, alinitumikia, nikimtuma alikwenda mbio kuliko zamani. Lakini nikinyoosha mkono ghafla, hata kuchukua chumvi, niliona mabega yake yanapanda. Niliwaza kwamba bado anamwona yule wa nje ndani yangu. Na niseme ukweli, mimi pia nilianza kumwogopa. Usiku nilimsikiliza akipumua na kujiuliza huyu ni mtoto wa aina gani, aliyeninusa vidole akaniacha nje.

Jioni moja, mume wangu akiwa bado hajarudi, na mlango umewekwa komeo jipya, niliwaosha miguu. Mvulana alicheka kwenye omena. Niliwatafuta mbu, nikachomeka chandarua tulichoshona, nikaweka shavu. Binti alipanda debe akasukuma komeo, akarudi kitandani, akalala chali akisubiri maswali. Nikamwambia leo hakuna. Akasema sawa, mama.

Nilizima koroboi nikakaa ukingoni mwa kitanda chao. Mdogo alilala mara moja. Nikadhani na yeye amelala, na nilikuwa nainuka, aliposema gizani, "Nilijua ni wewe."

Nilikaa tena. Nilimwuliza alijua lini. Akasema tangu mwanzo, tangu nilipomwita jina. Vidole alivinusa kwa sababu nilimwambia anuse.

Nikamwuliza kwa nini basi hakufungua.

"Niliogopa nikifungua utanichapa."

  Nikamwuliza kama bado ananiogopa.  Alifikiri kwanza, vilevile alivyokuwa akifikiria hesabu zake za shule, asije akakosea.

"Kidogo," akasema.

Kisha nikasikia anainua pindo la chandarua kutoka ndani, na godoro likasogea. Alikuwa anamsukuma mdogo wake ukutani ili mimi nipate pa kulala.